Pembe ya Pili ya Raimundi

Lundo, 20 Februari 1994

Kwako Shangazi Tadea,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Kabla hujaitikia tafuta kigoda ukae, maana anayekuandikia leo si yule Wendelin uliyekuwa ukimfukuza jikoni kwa mwiko. Ni Mwalimu Wendelin. Jumanne nilipuliza tarumbeta hapa ufukweni, sauti moja tu, ile ya juu kabisa, na wavuvi wa upande wa Malawi wakavua kofia wakidhani baragumu la Siku ya Mwisho limelia. Dagaa wa usipa waliruka wenyewe wakaingia kwenye mitumbwi. Adinani mwenye duka ni shahidi wangu, na yule ni mtu wa swala tano, hasemi uongo, ingawa siku hiyo alikuwa amekwenda Mbinga kufuata bidhaa.

Afya yangu ni njema. Joto la huku si la kusimulia, na ugali wa muhogo nimeuzoea mpaka nauona wa mahindi kama chakula cha wagonjwa. Msalimie Bibi Walburga kule Mbuji. Mwambie mume wake mdogo ananenepa kwa samaki wa mbasa, asije akaolewa na mwingine.

Sasa jambo lenyewe. Padre aliniuliza siku ya kwanza, "Kijana, nota unazisoma?" Nikamjibu, "Padre, nota ndizo zinazonisoma mimi." Akacheka, nikapewa bendi ya wanafunzi na ufunguo wa stoo ya vyombo. Nina wanafunzi kumi na mmoja wa ufundi: waashi na maseremala kumi, vidole kama mihogo, na msichana mmoja wa ushonaji, Luisa, kutoka Ngumbo. Huyo anapiga pembe, ile ya shaba ya bendi, na anauliza maswali kama mkaguzi wa shule. Mimi wa kumi na mbili. Na lile boksi ulilonipa ninakili lina karatasi kumi na mbili za nota, moja kwa kila chombo, za maandamano aliyoyatunga baba, muziki wa kutembea nao. Unaona Mungu anavyopanga? Tutayapiga tarehe kumi na tano Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, kutoka ufukweni mpaka kanisani. Waliosema kidato cha pili kilinishinda waje wasimame juani wasikilize.

Kalamu yako ya meno matano ninayo. Inachora mistari mitano kwa mpigo mmoja, watoto wanadhani ni uchawi. Lakini niambie, kwa nini usinakili mwenyewe, wakati mkono wako ni wa malaika na wangu ni wa kuku?

Mimi mwanao,
Mwalimu Wendelin


Mbinga, 14 Machi 1994

Mwanangu Wendelin,

Milele amina. Marahaba. Barua yako ilikaa siku kumi kwenye gari la Adinani ikaniletea harufu ya dagaa nyumba nzima.

Sisi wazima. Bibi yako bado anachimba mwenyewe mashimo ya ngolo ya kulimia mlimani, na ukimzuia anakutishia mpini. Anasema mume asiyetuma hata sabuni si mume. Hapa mjini wamekuja wanunuzi binafsi wa kahawa, wanazunguka mashambani na magari mapya wakiahidi msimu huu hatutaamini macho yetu. Ushirika umekaa kimya kama mgeni aliyekosa kiti. Kila mtu anakimbia huku na huku, na mimi kelele zimenichosha.

Nije kwenye shauri. Boksi lile nilikupa unakili. Sikukupa upige. Karatasi zile zina miaka kumi na tano, zikikunjwa zinavunjika kama mkate wa altare. Nakili kwanza zote, halafu wanafunzi wasome nakala. Za zamani zifunge kwenye kopo la maziwa, mende wasifike.

Na sikia hili vizuri. Sauti kumi na moja niliziandika mimi kwa mkono wangu. Hata ukiniamsha usingizini nitaziimba moja moja. Ya kumi na mbili, pembe ya pili, aliiandika baba yako Raimundi mwenyewe, na akaipiga mwenyewe. Niliomba niinakili akakataa. Akasema, "Dada, zote zako, hii niachie." Siku za maandamano nilitembea nyuma karibu na ngoma kubwa, pembe yake sikuisikia sawasawa hata mara moja. Nilikuwa nikijiambia, ipo siku nitaisikia. Ulikuwa na miaka tisa alipofariki, wewe hukumbuki. Mwenzake wa pembe ya kwanza naye ametangulia. Kwa hiyo ile karatasi ndiyo pembe yake, hakuna nyingine duniani. Anza na hiyo.

Usiniulize kwa nini sinakili mwenyewe. Nimechoka, basi.

Shangazi yako,
Tadea


Lundo, 9 Aprili 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Tulikula mbuzi. Mimi ndiye niliyemkamata, alikuwa mbuzi mwenye mbio kuliko gari la Adinani, ingawa hiyo si sifa kubwa. Mvua inapiga, ziwa limechafuka, na mapaa mawili ya bweni yamekwenda kutembea. Bibi mwambie sabuni inakuja.

Kunakili kumeanza. Kunaendelea. Usiwe na haraka, kazi nzuri haitaki pupa, si ndivyo mnavyosema wazee?

Lakini Shangazi, nina habari ambayo haitakufurahisha, nami naisema kwa heshima. Karatasi zako za pembe zina makosa.

Usirushe barua. Nitakueleza kitaalamu. Wanafunzi wangu wanajua do re mi ya kwaya tangu ubatizo, kwa hiyo niliwaandikisha do re mi kwa penseli juu ya kila nota. Ile njia yako ya kutambua nota kwa kuhesabu kutoka mstari wa chini Luisa anaijua, aliipata kwa masista, nikamwachia asaidie ili nami nishughulikie mambo makubwa. Halafu nikawapa sheria moja rahisi: do ni pumzi tupu, bila kubonyeza kitufe. Do ni do, kama ugali ni ugali. Matarumbeta yakaenda vizuri kabisa. Nikaingiza pembe. Shangazi! Mbwa wote wa Lundo walilia. Mzee mmoja alitoka chooni akiwa hajamaliza, akauliza nani amefariki. Pembe zilikuwa zimesimama mahali pengine kabisa, kama watu wawili wanaogombana kwenye mlango mmoja.

Nikasema, "Hizi karatasi za pembe zimekosewa."

Luisa akasema, "Mwalimu, karatasi haijakosea. Sisi ndio tunaokosea."

"Wewe umesoma wapi, mshona vifungo?"

"Kwa masista tu, kidogo. Ila matarumbeta yako tisa na pembe ziko mbili. Wingi si ushahidi."

Darasa zima likacheka, na mimi sikucheka. Kwa nini akae msichana wa cherehani anifundishe karatasi za baba yangu? Kwenye pembe ya pili alikuwa ameandika do re mi mpaka chumba cha kumi na sita tu; vyumba ndivyo ninavyoita zile nafasi ulizonifundisha, kati ya mstari wa kusimama na mwenzake. Nikamwambia aishie hapo hapo. Jumamosi nitakaa nizisahihishe mwenyewe. Sikio ninalo, na damu ya mtunzi ninayo. Baba alikuwa binadamu, huenda alikuwa na homa siku ile.

Nijibu upesi ukiweza. Mimi kukaa bila kufanya kitu siwezi, miguu inaniwasha.

Mwanao,
Wendelin


Mbinga, 22 Aprili 1994

Wendelin,

Milele amina na marahaba. Salamu nyingine nitatuma siku nyingine.

USIGUSE KARATASI HIZO.

Naomba barua hii ikufikie kabla ya Jumamosi yoyote ile. Nimemwambia dereva ni dawa ya mgonjwa, ili aharakishe.

Karatasi hazina kosa. Do ya pembe si do ya tarumbeta. Vyombo hivyo havikuzaliwa urefu mmoja, na pumzi tupu ya kimoja si pumzi tupu ya kingine. Katika maandamano ya baba yako, pembe ndiyo inayopiga do bila kubonyeza. Tarumbeta inapiga do yake kwa kitufe cha kwanza. Kila mwanafunzi wa bendi anajua hili wiki ya pili. Kwa hiyo pembe zako mbili zilikuwa sawa, na matarumbeta yako yote, pamoja na lako la kuita samaki, ndiyo yaliyokosea. Huyo Luisa mpe kiti cha mbele.

Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa mbuzi wala kwa mbwa: nota unazisoma au huzisomi? Nilikufundisha Kwaresima tatu hapa mezani. Ulikuwa ukitikisa kichwa, kumbe ulikuwa ukishika kwa sikio ninapoimba. Kuwa na sikio si dhambi. Dhambi ni kumwambia padre uongo halafu kumsingizia marehemu homa.

Na usinitanie kama unavyomtania bibi yako. Mimi ni shangazi yako, ni baba yako wa kike.

Nakili ile pembe ya pili kwanza. Niandikie neno moja tu: tayari.

Tadea


Lundo, 12 Juni 1994

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili imefika juzi, tarehe kumi Juni. Dawa ya mgonjwa imefika mgonjwa keshazikwa, ha ha. Gari la Adinani lilivunjika springi kwenye mteremko wa kushukia ziwani, likakaa huko wiki saba, na dereva akaoa kabisa kijiji cha jirani. Barua ilikuwa chini ya magunia ya sukari. Chungu wameonja pembeni lakini maneno yote yapo. Hata yale ya herufi kubwa.

Huku kumekauka, upepo wa kusi umeanza, tunalala na mashuka. Adinani analeta redio za betri sasa, na kandambili za rangi zote, na jeneza moja la maonyesho. Anasema biashara huria. Kila nyumba ina redio yake, zote zinaongea kwa pamoja, kwa hiyo nota zikikosewa hakuna anayejua.

Kitufe cha kwanza tumekijaribu. Shangazi, nakuvulia kofia. Matarumbeta yaliingia, pembe ya kwanza ikaingia, vikakaa pamoja kama wali na maharage.   Luisa, mwenye pembe ya pili, alinitazama tu, akapangusa mdomo wa pembe kwa kitambaa chake, akageukia dirisha.

Kuhusu swali lako la nota, nasoma kiasi. Kiasi kidogo. Ziko mbili tatu nikikutana nazo njiani tunasalimiana. Luisa ananionyesha jioni baada ya cherehani. Padre haulizi.

Kopo la maziwa lipo, limefungwa kwa kitambaa na nta. Mende hajafika na hatafika.

Hivi, nikuulize kitu cha mchezo tu. Hiyo pembe ya pili, huikumbuki hata kidogo? Hata mwisho wake, pale watu wanapopanda ngazi za kanisa? Bibi je, hakuwahi kumsikia baba akijizoeza nyumbani? Nauliza kwa ajili ya ufundi.

Lile neno moja ulilotaka nitakuandikia. Wiki hii nina kazi nyingi, tunapaka rangi stoo.

Wendelin


Mbinga, 3 Julai 1994

Mwanangu,

Milele amina, marahaba. Mwandiko huu ni wa Aurelia, mtoto wa jirani, yuko darasa la sita. Mkono unaniuma kidogo, labda ni baridi. Mwaka huu Mbinga tunavaa makoti hata jikoni.

Kahawa imeiva. Wanunuzi wale wamekuja kweli, watatu kwa mpigo, wanashindana kumwita bibi yako mama. Yeye anawaambia yeye ana mume Lundo, waongee naye.

Umeniuliza kama naikumbuka pembe ya pili. Siikumbuki. Nimekaa nayo siku nyingi tangu barua yako. Naanzisha tarumbeta ya kwanza kichwani, naongeza ya pili, naongeza besi, wote wanakuja. Nikifika pembe ya pili nakuta mahali pake pamefagiliwa. Bibi yako anasema Raimundi alikuwa akijizoezea shambani, juu kabisa, kwa sababu nyumbani kuku walikuwa wakiacha mayai. Kwa hiyo naye hajui. Anakumbuka tu kwamba pale mwishoni ilikuwa inashuka wakati wenzake wanapanda, na yeye alikuwa akimwambia, "Mbona wewe unarudi nyumbani wenzako wanakwenda kanisani?"

Ugomvi wa Aprili nimeuweka chini. Ulikuwa sahihi kujaribu. Bendi ya watoto kumi na mmoja si kitu kidogo, na baba yako angefurahi, hata kwa vidole vya mihogo. Nina ombi moja. Mkimaliza Sikukuu ya Kupalizwa njoo nyumbani, na huyo Luisa aje na pembe, nitamwandikia mama yake nimwombee ruhusa. Mnipigie pembe ya pili peke yake, bila wengine, hapa kibarazani. Nataka kuisikia kabla ya Noeli. Usilete karatasi ukiogopa mvua. Leteni sauti.

Shangazi yako

Kaka Wendelin, ni mimi Aurelia. Yeye hajui kama naongeza haya. Si mkono. Hanitambui mpaka niongee. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, akasema kikombe kimevuja. Daktari wa macho aliyepita hospitali ya Peramiho alimpima akasema amechelewa. Ile barua ya Aprili aliiandika kwa siku mbili, pua ikiwa juu ya karatasi. Usimwambie nimekwambia.


Lundo, 21 Agosti 1994

Shangazi Tadea,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Bibi Walburga shikamoo yake mpelekee, na kipande cha sabuni nimekifunga humu kwenye kifurushi, kweli safari hii. Aurelia, wewe soma pole pole, na ukifika mahali pagumu usiruke.

Sisi wazima. Sikukuu imepita. Nianze na mazuri, maana yapo.

Watu walijaa kutoka maji mpaka barabarani, walikuja mpaka wa Ngumbo kwa mitumbwi. Tulianza mguu wa kushoto, wote kumi na wawili, na hakuna aliyekanyaga mwenzake. Adinani alifunga duka, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alisimama mlangoni na mkewe Somoe, akinipungia mkono kama mimi ni mkuu wa wilaya. Akina mama walipiga vigelegele. Padre baadaye alinishika bega akasema, "Mwalimu, pale mwishoni, ule ukimya wa ile pembe moja wakati wenzake wanaendelea, mtunzi alikuwa na akili sana. Kama mtu aliyebaki nyuma kuwaangalia wenzake."

Nikasema, "Ndiyo, Padre. Alikuwa na akili."

Siku nyingine ningemwongezea kwamba akili hiyo nimeirithi.  Safari hii nilikwenda nyuma ya stoo nikakaa juu ya rundo la matofali ya wanafunzi. Luisa akanifuata na pembe yake kwapani.

"Utamwambia lini?" akauliza.

"Nani?"

"Unamjua."

"Nitamwambia padre alivyosema. Kwamba ulikuwa ukimya wa makusudi. Yeye alikuwa karibu na ngoma, hajui."

"Basi nenda wewe mwenyewe ukampigie ukimya huo kibarazani. Mimi siendi."

Kwa siku sita nimezunguka na barua hii. Nimeianza mara nne. Katika ya kwanza niliandika mende. Katika ya pili mvua ya Aprili ilipita kwenye paa la bweni, na nyingi kweli ilipita, ingeaminika. Katika ya tatu nilitunga sauti mpya nzuri inayoshuka mwishoni, kama Bibi alivyosema, nije nikupigie niseme ndiyo hii. Shangazi, ilikuwa nzuri. Ungelia. Nilimwimbia Luisa, akasema, "Ni nzuri. Na si ya baba yako." Nikaichana.

Ile Jumamosi ya Aprili sikungoja jibu lako. Nilichukua meza ya padre, nikachukua kalamu yako ya meno matano, na wembe mpya kutoka kwa Adinani. Pembe ya kwanza niliiharibu kidogo tu, hiyo unaikumbuka, tutaiandika upya ukiniimbia. Nakala sikuwa nimefanya hata moja. Nilisema kunaendelea, hakukuwa kunaendelea. Halafu nikaweka mbele yangu pembe ya pili. Chumba cha kwanza mpaka cha kumi na sita sikuvigusa, kwa sababu Luisa alikuwa ameviandika do re mi nikaona aibu kumfutia, na hivyo anavijua kwa moyo, anaweza kukupigia leo. Kuanzia cha kumi na saba mpaka mwisho ni mimi.

Wino wa baba ulikuwa umeingia ndani ya karatasi, Shangazi, haukutaka kutoka. Ilinibidi nikwangue taratibu, nota moja moja, na nilijisifu kwa mkono wangu kuwa mwepesi, karatasi haikutoboka hata pale alipokuwa amekandamiza. Juu yake niliandika sauti yangu mwenyewe, ifuate matarumbeta yaliyokosea, kwa hiyo leo haifai popote. Nimeishika mbele ya taa, nimeishika mbele ya jua, Luisa ameipitishia vidole kutafuta alama. Hakuna.

Nitakuja Mbinga Jumatano ya wiki ijayo na gari la Adinani, likitembea. Luisa amekubali kuja baada ya kuisoma barua hii. Tutakupigia vyumba kumi na sita kibarazani, halafu tutaacha, na utajua kwa nini tumeacha. Mbele ya hapo hakuna kitu, na si mende, si mvua, wala baba hakuwa na homa. Nilikwangua mimi kwa wembe, na nilipomaliza nikainama nikapuliza vumbi lake likaenda.

Wendelin